Safari ya Ufundi Huanzia Karakanani

Barua ya mwaliko ikishafika, kinachozungumzwa kwanza nyumbani ni baridi. Koti litapatikana wapi, kwenye mitumba ya Karume au Kariakoo? Soksi za sufu je? Kisha yanafuata mambo ya viza. Yote mawili ni ya msingi, nami nitayafikia. Lakini katika kazi yangu ya kuwaandaa mafundi wanaokwenda nje kwa ziara za kubadilishana ujuzi na utamaduni, nimeona kwamba safari nyingi zilizorudi mikono mitupu hazikuharibiwa na baridi wala na ubalozi. Msafiri aliondoka bila kuifahamu vya kutosha kazi yake mwenyewe, akafika ugenini hana cha kuuliza na hana cha kueleza.

Nichukue mfano wa seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayekwenda Hamburg kwa wiki kadhaa. Miji hii miwili ni miji dada tangu 2010, na vikundi vya shule na vya kitaaluma vimekuwa vikitembeleana. Seremala huyu ataishi na familia ya Kijerumani, mchana atakuwa karakanani na mafundi wenzake, na baadaye mmoja wao atakuja kukaa naye Keko. Hapo ndipo ziara ya namna hii inapotofautiana na masomo. Mwenyeji naye anataka kujifunza. Siku ya kwanza tu, wakati wa chai, ataulizwa: mninga mnaukaushaje? Mlango mmoja unawachukua siku ngapi? Mteja akikataa kazi mnafanyaje? Mtu aliyefanya ufundi kwa mikono maisha yake yote, bila kuulizwa na mtu, hujikuta anajibu kwa neno moja moja. Mazungumzo yanakufa, naye anaonekana hana alichokuja nacho, ilhali amebeba ujuzi wa miaka mingi.

Dawa yake ni daftari. Miezi mitatu kabla ya safari, fundi aanze kuandika kila kazi anayoifanya: imeagizwa na nani, ni mbao gani, imekauka kiasi gani, imepimwa kwa futi na inchi au kwa milimita, imeungwa kwa kuchomekwa au kwa misumari na gundi, na mteja amelalamikia nini. Haihitaji Kiswahili cha kitabuni. Ukurasa mzuri husomeka hivi: “Mlango wa mninga, sentimita 90 kwa 210. Mbao zilikuja mbichi, tukazisimamisha kivulini wiki mbili. Nimeranda kwa mashine, nimemalizia kwa randa ya mkono na msasa. Umefungwa mwezi wa pili. Mwezi wa nne mteja amepiga simu, mlango haufungi.”

Ukurasa huo mmoja unatosha kumpeleka mtu Hamburg. Una tatizo la kweli ndani yake, linalojulikana na kila seremala wa Pwani: masika yakiingia, milango inabana. Kule atakuta mbao za samani za ndani zimekaushwa kwenye tanuri hadi unyevu wa asilimia 8 mpaka 10 hivi. Wana sababu ya kufanya hivyo. Majira ya baridi nyumba zao hupashwa moto na hewa ya ndani hukauka mno, kwa hiyo mbao yenye unyevu mwingi ikiingizwa humo husinyaa na kupasuka. Hewa ya Dar es Salaam ni kinyume chake, ina unyevu karibu mwaka mzima. Mbao iliyoshushwa hadi asilimia 8 ikiletwa Keko itafyonza unyevu na kuvimba. Fundi akiiga kipimo cha wenyeji wake kama alivyokiona, mlango wake utabana kuliko ule wa mwanzo. Anachopaswa kurudi nacho ni kanuni yenyewe, kwamba mbao ikaushwe kufikia unyevu wa mahali itakapokaa, pamoja na mazoea ya kuipima kwa kifaa kabla ya kuikata. Kifaa hicho kinaenea kiganjani. Aliyekwenda na swali la mlango wa mninga atakiona na kukiulizia siku ya kwanza, na aliyekwenda bila swali anaweza kupita mbele yake mwezi mzima.

Wajerumani wenyewe wanalijua daftari hili. Mwanagenzi wa ufundi kule husoma kwa njia mbili kwa pamoja, siku kadhaa karakanani na siku kadhaa shuleni, kwa miaka isiyopungua mitatu katika fani nyingi. Muda wote huo huandika kile wanachokiita Berichtsheft, kumbukumbu ya kazi alizofanya, na mkufunzi wake huisaini. Bila daftari hilo kukamilika haruhusiwi kukaa kwenye mtihani wa mwisho. Fundi wa Keko akifungua la kwake mezani, wenzake watamwelewa mara moja kwamba ni mtu wa kazi, hata kabla lugha haijakaa sawa.

Utamaduni wa kwenda kujifunza kazi kwa watu wengine nao si mgeni kwao. Mpaka leo unaweza kukutana barabarani na kijana seremala aliyevaa suruali pana nyeusi, kizibao chenye vifungo na kofia ya ukingo mpana, akiwa na fimbo iliyojipinda na furushi la nguo begani. Huyo amemaliza uanagenzi na yuko kwenye safari ya jadi iitwayo Walz. Atazunguka miaka mitatu na siku moja, akifanya kazi huku na kule, na muda wote huo haruhusiwi kuukaribia mji wake kwa umbali wa kilomita 50. Daftari lake hupigwa mihuri ya miji aliyopita. Kabla ya kuondoka huangaliwa mambo machache: awe amefaulu mtihani wa ufundi, awe chini ya miaka 30, asiwe na ndoa, asiwe na deni. Sharti la deni nalipenda kuliko yote, na nitalirudia.

Kuna jambo lingine la karakanani ambalo ni bora mtu alijue angali nyumbani. Fundi aliyetumia msumeno wa meza miaka 15 atafika Hamburg na kuambiwa asiuguse mpaka apewe maelekezo ya usalama, aoneshwe kinga ya msumeno, kitufe cha dharura, miwani, vizibo vya masikio. Wapo walionuna wiki nzima kwa sababu hiyo, wakidhani wamedharauliwa. Sheria ya kule inamtaka mwenye karakana amwelekeze kila anayefanya kazi kwake, na ajali ikitokea yeye ndiye atakayejibu. Msafiri akilitarajia hilo, yale maelekezo yenyewe yanakuwa somo, tena pengine somo kubwa kuliko yote.

Nasema hivyo kwa sababu ya vumbi. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na matundu yanayoizunguka. Karakana za Umoja wa Ulaya zinabanwa na kiwango cha miligramu 2 za vumbi la mbao ngumu kwa kila mita ya ujazo ya hewa, na ndiyo maana kila mashine ina bomba la kulivuta. Mitambo hiyo ni ya gharama, na fundi wa Keko hataimudu akirudi. Lakini atazame vizuri wanavyoishi na vumbi: hawafagii kwa ufagio mkavu, hawajipulizi nguo kwa mashine ya upepo, na anayepiga msasa huvaa barakoa inayobana usoni. Mengi ya hayo yanawezekana Keko kesho asubuhi. Ningefurahi kila seremala anayesafiri arudi na hilo moja, hata asipoleta lingine.

Sasa karatasi. Anza na jina lako, maana ndilo linalokwamisha watu wengi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha VETA na pasipoti vyote visomeke jina moja, kwa herufi zilezile. Kama cheti kimoja kina jina la ubatizo na kingine jina la ukoo, nenda kwa wakili mapema, kwa sababu ofisa wa viza anasoma herufi, hakujui wewe wala mjomba wako. Mtu mwenye jina lake, la baba na la babu ajue pia kwamba huko la mwisho huchukuliwa kuwa la familia. Ataitwa kwa jina la babu yake kwenye kila fomu, na tiketi lazima ifuate mpangilio wa pasipoti.

Fundi aliyejifunzia kazini asiye na cheti chochote asikate tamaa. VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa namna hiyo: unapimwa kwa ulichonacho mikononi, na ukifaulu unapewa cheti. Ufanyike mwaka mmoja kabla, si wiki ya kuondoka.

Viza ya Schengen inatosha kwa ziara isiyozidi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na kwa kawaida si chini ya siku 15. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya, na iwe na kurasa mbili tupu. Ziara ikizidi siku 90 unahitaji viza ya kitaifa ya Ujerumani, ambayo ina masharti mengine. Penye hatari ni kwenye maneno ya barua ya mwaliko. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kufanya kazi, na kusimama kwenye mashine katika karakana ya biashara kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Mwenyeji aandike waziwazi utafanya nini, wapi, kwa siku ngapi na nani anagharamia nini, na ofisa aulizwe kabla ni aina gani ya viza inafaa. Barua isemayo tu “anakuja kututembelea” imewaponza watu wenye nia safi.

Bima ya safari ni lazima na igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000. Kwa kawaida hushughulikia dharura, haikukusudiwa kwa maradhi uliyoondoka nayo. Jino linalouma ling’olewe au lizibwe Dar es Salaam. Mwenye sukari au shinikizo la damu abebe dawa za siku zote za safari na barua ya daktari. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hudumu maisha yote tangu Julai 2016, kwa hiyo usikitupe, utakihitaji kwenye safari nyingine.

Zawadi zinahitaji akili kidogo. Bidhaa za nyama na maziwa za abiria kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kuingia, kwa hiyo samli ya bibi na nyama ya kukausha vibaki nyumbani. Mirungi ni dawa ya kulevya kisheria nchini Ujerumani, na anayekutwa nayo atakuwa na kesi. Khanga, kahawa, majani ya chai na viungo vya Zanzibar havina shida. Seremala atatamani kupeleka kinyago cha mpingo, na ni zawadi nzuri, ila ajue kwamba tangu 2017 jamii nzima ya Dalbergia, ambayo mpingo ni mmojawapo, iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 kwa mzigo mmoja vimesamehewa tangu 2019, lakini kipande cha mti mbichi kisibebwe. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na zumari za okestra za Ulaya, na mtu wa mbao kutoka Tanzania anayo haki ya kumwomba mwenyeji ampeleke kuona karakana ya vyombo vya muziki.

Kuhusu hali ya hewa nitasema machache. Juni jua la Hamburg huchwa karibu saa nne usiku kwa hesabu yetu ya saa. Desemba huchwa saa kumi jioni, na mchana mzima ni wa saa saba na nusu hivi. Anayefunga Ramadhani au anayefuata vipindi vya swala achukue ratiba ya mji ule mapema na amwambie mwenyeji wake. Watu wengi hawatajua bila kuambiwa, na wakiambiwa wengi hujipanga. Nguo zivaliwe tabaka juu ya tabaka, na viatu visivyopitisha maji vina maana kuliko koti zito.

Lililo gumu zaidi kwa watu wetu ni namna wenyeji wanavyosema. Msimamizi atakuja mezani pako, hajauliza umeamkaje, hajauliza habari za nyumbani, ataishika kazi yako na kusema: hapa umekosea, rudia. Sisi tumelelewa kumpitisha mtu kwenye salamu kwanza na kumwonya pembeni. Hivyo fundi wetu husikia tusi mahali ambapo hakuna tusi. Kwa yule msimamizi, kukuambia kosa lako mbele ya kazi yenyewe ni kukuheshimu kama fundi, na saa ya kutoka ikifika anaweza kukualika chakula kwa moyo mweupe. Nawashauri wasafiri wafanye mazoezi ya jambo hili nyumbani: umwombe mwenzako wa karakana aikosoe kazi yako bila kuzunguka, nawe ujibu kwa swali moja tu, “ningefanyaje?” Jifunze pia kusema hapana. Ukiulizwa kama umeelewa na hukuelewa, ukaitikia kwa adabu, kesho utaharibu mbao ya watu na hakuna atakayeelewa kwa nini hukusema.

Lugha ipewe nafasi yake. Goethe-Institut iko Dar es Salaam na Nairobi, na kozi ya ngazi ya kwanza inamtosha mtu kusalimia, kununua mkate na kuuliza njia. Zaidi ya hapo, fundi ajue kwa Kijerumani majina ya zana zake: randa, msumeno, patasi, jiriwa, keekee. Majina 30 ya zana yatamsaidia kuliko sarufi nyingi. Na Jumapili asiwashe keekee wala asipige nyundo nyumbani kwa wenyeji. Ni siku ya utulivu kisheria, maduka karibu yote hufungwa, kwa hiyo mahitaji yanunuliwe Jumamosi.

Upande wa utamaduni, watu wengi hufikiri wajiandae kucheza ngoma na kupika pilau. Vizuri, pika pilau. Lakini utaulizwa historia, na kwa Hamburg historia hiyo ni yetu pia. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alifika mji huo 1867 akiwa mke wa mfanyabiashara Heinrich Ruete. Mumewe alifariki 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto wadogo katika nchi ambayo bado alikuwa anajifunza lugha yake. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani kwa jina la Emily Ruete, na amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf hapohapo Hamburg. Mtaa wa Jenfeld kuna mahali panapoitwa Tansania-Park, ambapo mwaka 2003 ilisimamishwa michongo mikubwa ya zamani inayowatukuza askari wa jeshi la kikoloni, na wakazi wa Hamburg wenyewe wamebishana sana juu yake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kijana wa Kijerumani atakuuliza kuhusu hayo mezani, kwa dhati, na ni aibu yeye amjue Songea Mbano, mmoja wa viongozi wa vita hivyo aliyenyongwa 1906, nawe usimjue. Nenda Makumbusho ya Taifa kabla ya kusafiri. Muulize babu. Si lazima uwe na msimamo juu ya kila kitu, ila uwe na habari.

Nilisema nitalirudia lile sharti la deni. Posho ya ziara hizi hutosha chakula na nauli za mjini, basi. Nyumbani, hata hivyo, habari ikienea kuwa fulani yuko Ulaya, kila mwenye shida humkumbuka. Fundi aliyeondoka na mkopo wa kikoba, kodi ya fremu na malipo ya awali ya wateja wawili ambao kazi zao hazijaisha hatalala. Atakaa Hamburg akihesabu, na kuna wanaoishia kutafuta vibarua vya chini kwa chini, jambo linaloweza kumfungia mlango yeye na wote watakaomfuata. Kwa hiyo kabla ya tiketi: kazi za watu zikabidhiwe, kikoba kilipwe au kielezwe, mke au mume ajue posho ni kiasi gani kwa tarakimu, na ndugu waambiwe waziwazi kwamba hii si safari ya kutafuta pesa. Mazungumzo haya yanachosha, na mengi hufanyika usiku wa mwisho, wakati masanduku yako mlangoni. Yafanyike mapema, na kama kuna mzee anayesikilizwa katika ukoo, ayasimamie.

Kisha kuna mwenye karakana, au msimamizi, au chama cha mafundi uliko. Mtu mmoja akirudi na wazo jipya mahali ambapo hakuna aliyelisubiri, wazo hilo hufa ndani ya mwezi. Nawataka wasafiri wakae na wenzao kabla ya kuondoka na kukubaliana jambo moja au mawili ambayo karakana nzima inayataka: milango isibane, vumbi lipungue, makisio ya bei yaandikwe. Wiki ya kwanza ya kurudi itengwe kwa kuonyesha, si kusimulia. Hata wale waliobaki watakuwa wamesafiri kwa maswali yao.

Na mgeni atakapokuja zamu yake, mjue anakuja akiwa na wasiwasi uleule mliokuwa nao. Mtafutieni chandarua, maji ya kunywa yaliyo salama, na mtu wa kumfundisha kupanda daladala na kujibu shikamoo. Msimkalishe kwenye kiti cha mbele akila na kutazama ngoma siku tatu. Mpeni nafasi kwenye meza ya kazi na ubao wa mninga asubuhi ya pili, mwambieni mteja anataka mlango wa sentimita 90 kwa 210 kabla ya masika, na mkikosa kukubaliana naye kuhusu unyevu, toeni kifaa mpime pamoja.